Nani Amkatie Kauli Mama Aliyekata Kauli?

Miongoni mwa misemo ya Kiswahili inayostahili kutafakariwa kwa makini ni ule wa kukata kauli. Mtu akishalipima jambo na kufikia uamuzi, husemwa kuwa amekata kauli. Mgonjwa naye akizidiwa na maradhi hata ulimi ukawa mzito na neno lisimtoke, husemwa vilevile kuwa amekata kauli. Msemo ni ule ule, bali hali hizo mbili zimeachana kama usiku na mchana: wa kwanza ndiye mwenye neno la mwisho, na wa pili hana neno kabisa.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo ningependa walimu na wanafunzi walitafakari pamoja nami. Je, ni nani amkatie kauli mtu ambaye amekwisha kukata kauli? Swali hilo huwa zito maradufu mtu mwenyewe anapokuwa mwanamke mja mzito, kwa kuwa katika mwili mmoja mna nafsi mbili, na nje ya mlango wa wodi wamesimama mume, baba, shemeji, wazee wa ukoo, daktari na sheria za nchi, kila mmoja akidai kuwa ndiye mwenye haki ya kusema.

Katika miaka ya karibuni swali hili limefikishwa mahakamani katika jimbo la Texas na katika nchi ya Ireland, na mwaka 2025 likazusha mjadala mkali katika jimbo la Georgia, Marekani. Kote huko habari ilikuwa moja: mwanamke mja mzito ambaye ubongo wake ulikuwa umekufa, mashine ikaendelea kumpumulia kwa ajili ya mimba yake, na jamaa zake wakateta na hospitali kuhusu nani mwenye uamuzi. Msomaji wa Garissa au wa Mombasa yamkini atasema kwamba hayo ni matata ya nchi tajiri, na wenye mashine na wasumbuke na mashine zao. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba swali lenyewe halikuzaliwa na mashine. Liko hapa kwetu, na mahali linapoonekana wazi kuliko pengine popote ni Dagahaley.

Dagahaley ni mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab katika Kaunti ya Garissa. Ilifunguliwa mwaka 1992, mwaka mmoja baada ya kuanguka kwa serikali ya Siad Barre kule Mogadishu. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule sasa ni mtu mzima aliyepita umri wa miaka 30, na wengi wa rika lake wamezaa watoto wao humo humo. Tangu mwaka 2009 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, limekuwa likitoa huduma za afya kambini, pamoja na hospitali ya vitanda 100 hivi ambamo akina mama hujifungua na, inapolazimu, hufanyiwa upasuaji. Mgonjwa anayehitaji huduma kubwa zaidi hupelekwa Garissa mjini, mwendo wa kilomita 100 hivi. Kwa kuwa mkimbizi haruhusiwi kusafiri nje ya kambi bila hati ya ruhusa, hata safari ya kwenda kuokolewa yahitaji idhini.

Tusisahau pia kwamba kaunti yenyewe, mbali na kambi, imo katika hali ya kutia huzuni. Hesabu zilizotokana na sensa ya mwaka 2019 zilionyesha kuwa nchini Kenya walifariki akina mama 355 kwa sababu za uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Katika Kaunti ya Garissa hesabu hiyo ilikuwa 641, iliyo kubwa kuliko ya kaunti nyingine zote. Kwa hiyo tunapozungumzia uamuzi juu ya mama mja mzito katika sehemu hizo, hatuzungumzii kisa cha nadra cha kujadiliwa na mawakili. Twazungumzia jambo linaloweza kutokea usiku wa leo.

Chukua mfano wa kifafa cha mimba. Shinikizo la damu hupanda, uso na miguu huvimba, kichwa humuuma mama kwa nguvu na macho yake huona giza. Kisha hushikwa na degedege na kupoteza fahamu. Sindano ya magnesiamu salfeti hutuliza degedege, lakini maradhi yenyewe hayaondoki mpaka mtoto na kondo watoke. Ikicheleweshwa tiba, damu yaweza kuvuja ndani ya ubongo. Mama huyo hawezi kusema ndiyo wala la. Amekata kauli, na mtu mwingine sharti akate kauli kwa ajili yake.

Ni nani basi mtu huyo? Madaktari na wakunga waliofanya kazi katika kambi za Dadaab wameeleza kwa miaka mingi kwamba idhini ya kumpasua mja mzito mara nyingi haiwi ya mama peke yake, hata anapokuwa na fahamu zake timamu. Hutafutwa mume. Mume asipokuwapo hutafutwa baba, kaka, shemeji au wazee wa ukoo, na pengine mtu anayengojewa yuko Nairobi, Mogadishu au ng'ambo, na simu yake haipatikani. Wakati huo saa haisimami. Uchungu ukizuiwa njia, mtoto huchoka na kizazi chaweza kupasuka. Na endapo moyo wa mama aliye katika nusu ya pili ya mimba utasimama ghafla, miongozo ya uokoaji huwataka madaktari waanze kumtoa mtoto ifikapo dakika ya nne, kwa manufaa ya mama na mwana. Hakuna baraza la ukoo liwezalo kukutana kwa dakika nne.

Ingekuwa rahisi kuwalaumu wazee hao na kuwaita washamba. Lawama ya namna hiyo ni ya mtu asiyetaka kuelewa. Hofu yao ina mizizi. Mwanamke aliyepasuliwa mara moja huambiwa kwamba uzazi wa baadaye utakuwa wa hatari zaidi, na ni kweli kwamba kovu la kizazi laweza kufumuka katika uchungu unaofuata. Kwa familia inayotazamia kurudi siku moja katika kijiji kisicho na daktari, hiyo si hofu ya kipuuzi. Tena ndoa huunganisha koo mbili, na mke akifa mikononi mwa waliotia sahihi, lawama haimwangukii mtu mmoja bali ukoo mzima. Mzee anayesita kutia kidole kwenye wino si lazima awe amemchukia mama. Huenda anaogopa kubeba peke yake mzigo ambao desturi imemzoesha kuubeba pamoja na wenzake.

Hata hivyo, kuielewa hofu si kuikubali hukumu yake. Ili tuone kosa liko wapi hasa, yafaa tuzitazame zile kesi za ng'ambo, ambako mambo yalikuwa kinyume kabisa na ya Dagahaley.

Mwezi Novemba 2013, katika jimbo la Texas, mama mmoja wa umri wa miaka 33, mwenye mimba ya wiki 14, alianguka nyumbani kwake na baadaye ikathibitika kwamba ubongo wake umekufa. Yeye na mumewe walikuwa wahudumu wa dharura, watu wa kuyaona mauti kila siku kazini, nao walikuwa wamezungumza juu ya jambo hilo. Mume akawaambia madaktari kuwa mkewe hakutaka kuwekwa kwenye mashine. Hospitali ya mji wa Fort Worth ikakataa kuiondoa mashine, ikitaja sheria ya jimbo inayozuia mja mzito kuondolewa tiba ya kumhifadhi hai. Ilichukua majuma kadhaa mpaka hakimu akaamua, tarehe 24 Januari 2014, kwamba sheria hiyo haimhusu mtu ambaye amekwisha kufa. Siku mbili baadaye mashine ikazimwa.

Mwishoni mwa mwaka huo huo, nchini Ireland, mwanamke mwenye mimba ya wiki 15 hivi alithibitishwa kuwa ubongo wake umekufa. Jamaa zake waliomba aachwe aende zake kwa heshima. Madaktari waliogopa, kwa sababu katiba ya nchi hiyo, kutokana na badiliko la mwaka 1983, ilikuwa ikilinda uhai wa mtoto aliye tumboni sawa na wa mama. Tarehe 26 Desemba 2014 Mahakama Kuu, baada ya kusikiliza ushahidi kwamba mtoto hakuwa na tumaini la kuzaliwa hai, iliruhusu mashine iondolewe. Badiliko lile la katiba liliondolewa kwa kura ya maoni mwaka 2018.

Katika kisa cha Georgia cha mwaka 2025, muuguzi wa umri wa miaka 30, mwenye mimba ya wiki tisa hivi, alithibitishwa kufa ubongo mwezi Februari. Jamaa zake walisema waliambiwa na hospitali kwamba sheria ya jimbo ya kuzuia utoaji mimba yalazimisha mashine iendelee. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo ikasema kuwa sheria hiyo hailazimishi hivyo. Mwili ukahifadhiwa kwa miezi kadhaa. Mwezi Juni mtoto akatolewa kwa upasuaji, akiwa na uzito usiofika kilo moja, na siku chache baadaye mashine ikaondolewa. Mama mzazi wa marehemu alilalamika hadharani. Hakudai kwamba mjukuu wake asingestahili kuishi. Alichodai ni kwamba familia ilistahili kuulizwa.

Sasa tulinganishe. Ng'ambo, hospitali iliushika mwili ilhali jamaa wakilia uachwe. Huku kwetu jamaa huushika mwili ilhali hospitali ikiomba ruhusa ya kuuokoa. Kule aliyepewa neno la mwisho alikuwa mwandishi wa sheria ambaye hakuwahi kumwona mgonjwa. Huku ni mzee wa ukoo ambaye pengine yuko upande wa pili wa simu. Lakini kosa ni moja. Pande zote mbili mama mwenyewe amegeuzwa kuwa jambo la kuzungumziwa, ilhali alikuwa mtu wa kuzungumza naye. Katika kile kisa cha Texas mama alikuwa amekwisha kulisema neno lake, na lilipuuzwa. Dagahaley neno la mama aghalabu halikutafutwa wakati alipokuwa na uwezo wa kulisema. Huo ndio ufa, na ni wa kuzibwa mapema.

Kabla ya kuendelea, tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Kuzimia kwa kifafa cha mimba si kufa ubongo. Aliyezimia yu hai, na akitibiwa kwa wakati aweza kuamka na kumnyonyesha mwanawe. Aliyekufa ubongo haamki, hata kama kifua chake kinapanda na kushuka kwa nguvu ya mashine. Tangu kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ilipotoa vigezo vyake mwaka 1968, nchi nyingi zimekubali kuwa kufa kwa ubongo mzima ni kufa. Wanazuoni wa Kiislamu nao wamelijadili. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lililokutana Amman mwezi Oktoba 1986, lilikubali kuwa mtu ambaye ubongo wake umekoma kazi zote kabisa, na madaktari mabingwa wakathibitisha, huhesabiwa amekufa. Baraza jingine lililokutana Makka mwaka 1987 liliruhusu mashine iondolewe katika hali hiyo, ila likasema hukumu za kisheria za mauti zingoje moyo usimame. Wametofautiana katika saa ya kufa, lakini wote wameona kwamba haikosi heshima mashine kuondolewa.

Na mtoto je? Hapa pia fiqhi haikungoja mashine. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika kitabu chake al-Majmu' kwamba kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Wasomali wengi na ya Waswahili wengi, mama akifa na tumboni mwake mna mtoto anayetarajiwa kuishi, tumbo hupasuliwa ili mtoto aokolewe. Wapo wanazuoni wa madhehebu mengine waliokataa, kwa kuchelea kuvunja heshima ya maiti. Mwanafunzi na aangalie jinsi sharti lilivyowekwa: mtoto anayetarajiwa kuishi. Karne nyingi kabla ya chumba cha wagonjwa mahututi, mwanachuoni alikwisha kuona kuwa mimba iliyokaribia kukomaa na mimba changa si mambo ya kupimwa kwa mizani moja.

Kwa maoni yangu, mizani hiyo yafaa hadi leo. Mama akiwa amekufa ubongo na mtoto amekaribia kiasi cha kuishi nje ya tumbo, ni haki na ni huruma ajaribiwe kuokolewa, isipokuwa mama mwenyewe alikataa waziwazi. Lakini mimba ikiwa changa kiasi kwamba mwili wa marehemu lazima uhifadhiwe kwa miezi, hakuna serikali, hospitali wala ukoo wenye haki ya kuugeuza mwili huo chombo bila neno lake. Na kama hakuacha neno, waulizwe wale waliomjua, pamoja na ushauri wa madaktari, wala wasiulizwe wanachokitaka wao. Waulizwe hivi: yeye angesemaje? Jamaa ni shahidi wa nafsi iliyonyamaza. Si mmiliki wake.

Sheria za Kenya, tukizisoma vizuri, hazipingani na rai hii. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, nacho chasema mtu, hakikusema raia. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 9, yataka mgonjwa aridhie mwenyewe tiba anayopewa. Ikiwa hawezi kuridhia, wa kwanza kuulizwa ni yule ambaye mgonjwa alimteua kwa maandishi, au aliyepewa mamlaka hayo na sheria au na mahakama. Asipokuwapo mtu wa namna hiyo, ndipo anapofikiwa jamaa wa karibu. Na palipo dharura, au ambapo kuchelewa kwaweza kuleta kifo na mgonjwa hakuwa amekataa, daktari aruhusiwa kutibu. Zingatia mpangilio huo. Jamaa anatajwa, na heshima yake ipo, lakini anakuja nyuma ya neno la mgonjwa. Hakuna mahali pasemapo kwamba mume ndiye mwenye ufunguo wa tumbo la mkewe.

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 8, yaamuru mgonjwa aelezwe hali yake katika lugha anayoielewa. Hapo sisi tunaofundisha taaluma ya lugha hatuna budi kuingia, kwa sababu sehemu kubwa ya tatizo la Dagahaley ni la maneno.

Kiswahili kimeazima kutoka Kiarabu maneno mawili yanayofanana kwa mbali: idhini na ridhaa. Kisomali kimeazima kutoka chemchemi ile ile, nacho husema idan na raalli. Katika ofisi zetu tumezoea kuyatumia kana kwamba ni pacha. Sivyo. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka juu ya mwingine: mwalimu humpa mwanafunzi idhini ya kutoka darasani. Ridhaa huchipuka ndani ya moyo wa mtu mwenyewe. Fomu inapouliza idhini ya kupasua, ni rahisi mume kudhani kwamba yeye ndiye anayeulizwa, kwa kuwa ndiye desturi iliyompa mamlaka. Fomu ingeuliza ridhaa, kila mtu angejua kwamba ridhaa ya mtu haiwezi kukaa ndani ya kifua cha mtu mwingine.

Tena Kiswahili, katika kutaja uzazi, kimempa mama heshima ambayo desturi zetu nyingine zimemnyima. Twasema mama amejifungua. Sarufi yenyewe yashuhudia: hicho kiambishi cha kujirejea chamfanya mama kuwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Hatusemi amefunguliwa na mume wala na ukoo. Lugha iliyomkiri mama kuwa mtenda katika kuzaa haiwezi kumkana katika kuamua namna ya kuzaa.

Kisha kuna suala la mkalimani. Daktari aweza kuwa mgeni, na mama akawa hajui lugha nyingine ila Kisomali, au Kimaay ambacho msemaji wa Kisomali cha kaskazini hakielewi kwa wepesi. Mkalimani akiwa ni shemeji au mama mkwe, je, tuna hakika gani kwamba linalofika kwa daktari ni neno la mama? Jambo hili si la kambini peke yake. Nchini Sweden, watafiti waliochunguza vifo vya watoto wachanga wa akina mama kutoka Pembe ya Afrika walionyesha, katika ripoti ya mwaka 2002, kwamba miongoni mwa mambo yaliyochangia ni kuchelewa kutafuta huduma, kukataa upasuaji, na wauguzi na akina mama kutoelewana. Ikiwa katika nchi yenye hospitali kama zile kutoelewana kwaweza kuua, sembuse pale ambapo gari la kwenda Garissa lenyewe ni la kungojewa?

Najua kuna pingamizi. Ya kwanza ni methali yetu wenyewe isemayo kwamba mgonjwa haulizwi uji. Methali hiyo ina hekima yake: usimsumbue mdhaifu kwa maswali, mpe kinachomfaa. Lakini uji si kisu. Na methali yasema juu ya mgonjwa, yaani aliyekwisha kulala kitandani. Mja mzito anayekuja kliniki kwa miguu yake katika mwezi wa tano si mgonjwa. Huyo ndiye wa kuulizwa, tena kwa raha, kabla uchungu haujamnyang'anya pumzi.

Pingamizi la pili ni kwamba kumtajia mja mzito habari za kuzimia na kufa ni uchuro. Hofu hiyo ni ya kweli, nami siidharau. Hata hivyo, dini ya watu hao hao inamhimiza mtu aandike wasia akiwa mzima, na hatujasikia kwamba aandikaye wasia hujiitia mauti. Kumteua wa kukusemea ni aina ya wasia.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi. Husemwa kwamba ukoo ndio utakaobaki na mtoto yatima, ndio utakaomlea, na kwa hiyo ndio unaostahili kuamua. Ni kweli kwamba mtoto hulelewa na ukoo, na katika kambi ambako serikali iko mbali ukoo ndio bima na ndio mahakama. Kwa sababu hiyo hiyo haifai wazee waitwe saa nane za usiku wakaambiwe watie sahihi. Waitwe mapema, waelezwe, waulize maswali yao, na wamsikie binti yao akisema kwa kinywa chake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nasi tusimfungie mlango yule aujuaye.

Basi, tufanyeje? Kliniki za wajawazito, kambini na nje ya kambi, zimuulize kila mama maswali mawili akiwa peke yake na mkunga, kwa lugha yake, na kwa msaada wa mkalimani asiye jamaa yake: je, ikilazimu upasuaji ili wewe au mwanao muokolewe, umeridhia? Na je, ukishindwa kusema, ni nani akusemee? Kijitabu cha afya ya mama na mtoto kinachotumika nchini kina nafasi ya kuandikia mpango wa kujifungua. Majibu hayo mawili yaandikwe humo, mama atie sahihi au kidole, na aruhusiwe kuyabadili siku yoyote. Hospitali zenye vyumba vya wagonjwa mahututi nazo ziandike mapema utaratibu wa kumshughulikia mja mzito aliyekufa ubongo, zisije zikangoja kuutunga huku jamaa wakilia koridoni.

Kwa walimu nina ombi moja. Mada hii isiachiwe somo la bayolojia pekee. Ni mada ya insha na ya mdahalo, na ni zoezi bora la tafsiri. Mwanafunzi wa Dagahaley anayesoma kwa mtaala wa Kenya hubeba Kisomali, Kiswahili na Kiingereza katika kichwa kimoja. Yeye ndiye mkalimani wa wodi ya wazazi wa kesho, na wengine ni wa leo. Mpe maneno kifafa cha mimba, ridhaa, mteule wa mgonjwa, kufa ubongo, umwambie ayaeleze kwa Kisomali ambacho nyanya yake atakielewa bila kuogopa. Akifaulu, atakuwa amefanya kazi ambayo fomu elfu haziwezi kuifanya.

Na wewe mwanafunzi wa kiume, usidhani kwamba haya si yako. Siku moja utaitwa mlangoni na kuulizwa. Heri siku hiyo uwe unalijua jibu kwa sababu mkeo alikwambia mlipokuwa mkinywa chai, kuliko kuanza kupiga simu kwa wazee huku kitanda kikisukumwa mbele yako. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga. Nasi tusingoje mama akate kauli kwa maana ya pili, ilhali tulikuwa na miezi tisa ya kumwacha akate kauli kwa maana ya kwanza.